Rangi ya Rukia, Ukimtazama kwa Ubavu

Nina miaka sabini na nane. Nimewazidi umri ndugu zangu sita wa tumbo moja, na fundi redio aliyenifundisha kulehemu waya, na karibu TV zote za chogo zilizopata kushushwa Kilwa Masoko. Tangu wiki nne zilizopita nimemzidi na mwanangu Rukia. Hili la mwisho sikuliomba.

Leo Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri, yale manyunyu yasiyolisaidia shamba wala kuziacha nguo zikauke. Nimekaa ukumbini na simu mkononi. Mke wangu yuko chumbani, na mlango uko wazi, lakini siingii.

Wanaonisoma humu wamezoea nikiwaeleza ufundi. Kwa nini TV yako inanguruma, kwa nini picha inacheza, kwa nini usimwite fulani akaiharibu zaidi. Leo sina somo. Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Wageni mnijue kwanza. Mimi ndiye Mzee Chogo. Jina nilipewa kwa sababu ya zile TV za zamani zenye nundu nyuma, maana hapa mjini hakuna aliyezijua kama mimi. Chande, fundi wa sokoni, huwaambia watu nimeitwa hivyo kwa ajili ya kisogo changu. Mwongo, na kazi yake mnaijua. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini kutoka Milola mpaka Songo Songo hakuna TV iliyonishinda kwa haki. Zilizonishinda zilikuwa zimepigwa na radi. Naandika kwa kidole kimoja, na Mwalimu Zuhura, jirani yangu, ananinyooshea herufi kabla hamjaziona. Maneno nimemkataza asiguse. Na ya leo asiyaguse.

Sasa sikilizeni, maana bila hili hamtaelewa lingine.

Chogo ilikuwa na adabu. Ukikaa mbele, ukikaa ubavuni, ukichungulia dirishani, nyekundu ilikuwa nyekundu. Zikaja hizi flati. Ukikaa mbele ni sikukuu, ukisogea ubavuni ni matanga. Rangi inapauka, nyeusi inakuwa majivu, na mtu wa maji ya kunde anakuwa manjano kama mgonjwa. Watu wakadhani ni macho yao. Mimi nikasema hapana, ni kioo. Kuna kioo laini na kioo kigumu. Laini ukikigusa kwa kidole picha inatetemeka kama uji, na hicho ndicho kinachodanganya ubavuni. Kigumu ukikigusa kinatulia, na mtu akikaa pembeni kinamwonyesha kile kile anachokiona wa mbele. Hili sikufundishwa na mtu. Nililigundua mwenyewe kwa kugusagusa.

Na nina njia yangu ya kupima rangi. Napiga picha kisutu, ile kanga ya zamani, kwa simu, naiweka picha kwenye TV, kisha natundika kisutu chenyewe pembeni yake. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kila nyumba ya pwani hii kipo, kwa hiyo mwenye TV hawezi kubishana nami. Nakaa ubavuni, natazama, naongeza, napunguza, mpaka kile cha kwenye kioo na kile cha kwenye msumari wawe ndugu. Basi. Kazi imekwisha.

Mafundi wengine hutengeneza rangi kwa uso wa mtangazaji. Nimewacheka miaka yote. Uso una hasira, una homa, una poda. Kitambaa hakiumwi. Kitambaa kikisema ndiyo, fundi anyamaze.

Hiyo ndiyo sheria yangu, na nimewatukana watu wengi kwa ajili yake.

Mke wangu ni Somoe. Mwaka wa tatu huu amelala kwa kiharusi, upande wote wa kulia umekufa. Analalia kushoto, uso kwa mlango, kwa sababu akilalia upande mwingine bega linampa maumivu ya kupiga kelele. Kitanda kipo pembe ya dirisha ili apate upepo. TV niliitundika ukuta wa mlangoni, kwa hiyo anaitazama kwa ubavu kabisa, kama anayechungulia mlango ulioachwa nusu. Walioniambia niihamishe ni wengi. Nikawaambia fundi hahamishi TV, fundi anaitengeneza.

Rukia ndiye mtoto wetu pekee. Aliolewa Tabora, na kutoka huku mpaka kule si safari ya kwenda na kurudi kila mwezi. Kila Jumapili baada ya alasiri alipiga simu ya picha. Somoe hawezi kushika simu, na macho yake hayaoni kitu kidogo, kwa hiyo nikaunga simu na TV kwa waya. Rukia akawa anatokea ukutani mkubwa, anacheka na mama yake. Mtaa mzima nilijisifu kwa waya ule.

Kabla ya Ramadhani iliyopita, simu ilipokatika, Somoe akaniambia, "Baba Rukia, mtoto ana manjano."

Nikamwambia ni kioo.

"Machoni," akasema. "Yale meupe ya jicho."

Nikamletea taarifa ya habari. Nikamwonyesha mtangazaji, naye manjano. Nikamwonyesha wacheza mpira, wote manjano, mpaka refa. Nikasema, je, na hawa wote ni wagonjwa?

Akanijibu, "Hao siwajui. Huyu nimemzaa."

Jumapili iliyofuata akamwambia Rukia mwenyewe. Nenda hospitali ukapimwe damu, ukapimwe na ini. Rukia akacheka, akasema mama, mimi mzima, uchovu tu, na watoto hawa. Jumapili nyingine akamwambia tena. Na nyingine. Akawa hana salamu, akishaitikia shikamoo anaanza na hospitali. Rukia akaanza kuudhika. Mara ya mwisho alikata simu mapema, akasema nitakwenda basi, nitakwenda, niacheni.

Na mimi niliudhika zaidi yake. Mnajua niliudhika na nini? Niliudhika kwamba TV yangu imetukanwa ndani ya nyumba yangu.

Nikaifanya iwe vita. Niliinamisha TV kwa kabari za mti, haikusaidia. Nikapunguza mwanga, ikasaidia kidogo, Somoe akalalamika giza. Chande akapita, akasimama mlangoni, akasema, "Mzee Chogo, hamisha TV, au hamisha mke." Nikamwambia ahame yeye, arudi kwao. Akaondoka anacheka.

Halafu nikapata kioo kigumu. Nyumba moja ya wageni hapa Masoko walikuwa na TV kama yangu, inchi zile zile, imeungua ubao wake wa ndani, kioo kizima. Nilikigusa kwa kidole kikatulia tuli kama maji ya mtungini. Nikakileta nyumbani nimekikumbatia kama mtoto. Siku tatu nilifungua na kufunga. Kubadilisha kioo cha flati bila kukivunja, na mikono ya mzee, nitajieni mwingine aliyefanya hivyo pwani hii.

Siku ya nne nikapima. Nilitundika kisutu cha Somoe pembeni ya TV, picha yake nikaiweka kwenye TV. Sikupima kwa kukaa. Nilipanda kitandani, nikalaza kichwa changu kwenye mto wake, shavu karibu na shavu, nipate kuona anachokiona yeye. Miaka mitatu sikuwa nimelala pale. Akasema, "Una ndevu kali." Tukatazama pamoja. Nyekundu ilikuwa nyekundu. Nyeusi nyeusi. Nyeupe nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Kutoka pale kwenye mto wake, kwa ubavu ule ule, kisutu na kisutu walikuwa ndugu wa baba na mama.

Nilipiga kofi. Wallahi, nilifurahi kuliko siku niliyooa, na Somoe akacheka kwa nusu ya mdomo inayocheka.

Jumapili ikafika. Rukia akatokea.

Alikuwa manjano.

Nimeandika hilo neno na kulifuta mara nne. Nawaambieni kama lilivyo. Kioo kilikuwa kweli. Kitambaa kilikuwa kimeshasema ndiyo. Nilisimama karibu na mto, nikamwona mwanangu kwa rangi yake, na alikuwa manjano, usoni na machoni, na shavu limebonyea.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilikasirika na TV. Nikasema hiki kioo kina ugonjwa mwingine, bado hakijakaa sawa. Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye rangi, Rukia akiwa hewani anamsimulia mama yake habari za wajukuu. Nikapunguza manjano. Nikaongeza nyekundu kidogo, nikaongeza tena. Nikawa namtazama na kubonyeza, namtazama na kubonyeza, mpaka akawa wa maji ya kunde, akawa Rukia ninayemjua mimi, yule niliyempeleka mwenyewe kwa mumewe. Akameremeta. Nikasema, haya, Mama Rukia, mtazame sasa.

Nilimtengeneza rangi mwanangu kwa uso wake mwenyewe.

Somoe akamtazama kitambo kirefu. Akamwuliza habari za watoto, akamwuliza mvua, akamwambia anapendeza, hakumwambia hospitali. Rukia alipoaga, Somoe akanigeukia akasema maneno ambayo ningetoa mkono nisiyasikie tena. "Nisamehe. Kumbe ni kioo kweli. Nilikuwa namtabiria mwanangu mabaya bure."

Nikamsamehe. Nilimsamehe kwa sauti kubwa, kama kadhi.

Na jambo moja nimelificha hata Mwalimu Zuhura hajui, ndiyo kwanza analisoma hapa. Jioni ile, baada ya kuswali, kisutu kilikuwa bado kinaning'inia pembeni ya TV. Nikaiweka tena ile picha. Nyeupe ya kwenye kioo ilikuwa imekuwa waridi. Kitambaa kilikuwa kinasema hapana, tena kinasema waziwazi, hata asiye fundi angekisikia.

Nikakishusha. Nikakikunja mara nne, nikakitia sandukuni, nikafunga.

Majirani walikuja kutazama TV ya ajabu. Niliwakalisha kila pembe ya chumba, mmoja mpaka chini karibu na beseni, nikawauliza, unaona sawa? Wakasema sawa. Chande naye akaja, akatazama mpira, akakuna kidevu. "Mzee, ubavu umeuweza, hilo nakupa. Lakini nyeupe yako imekunywa sharubati." Nikamfukuza mbele ya watu. Nikasema ana kijicho.

Wiki kama tisa hivi zikapita. Kila Jumapili Rukia mwekundu mzuri ukutani. Alikuwa anaongea kwa kifupi, sauti inachoka, na Somoe mara moja alisema, "Sauti yake imepungua." Nikasema ni mtandao. Masikio yake nayo niliyapinga.

Halafu akapiga mkwe wangu, si Jumapili, ilikuwa Jumanne asubuhi. Walikuwa wamempeleka hospitali jana yake, kashindwa kusimama. Ini. Daktari aliuliza mlikuwa wapi mpaka leo. Alifariki alfajiri ile, akazikwa siku ile ile, na sisi tuko huku, tumeshika simu.

Baada ya hitima nilimpigia mkwe wangu, nikamwuliza kama mzee anayetaka mkosaji. Nikamwambia wewe ulikuwa unakaa naye, hukumwona? Hakunijibu kwa ukali, ni kijana mwenye heshima. Akasema, "Baba, nilimwona. Kila siku nilimwambia twende. Na alishakubali, ilikuwa twende Jumatatu, kwa sababu ya mama alivyomsumbua. Halafu akaniambia, hata mama kaninyamazia, anasema napendeza. Basi nimepona."

Hata mama kaninyamazia. Basi nimepona.

Mwenye elimu angesema labda hata hospitali isingemsaidia. Mwalimu Zuhura ameshaniambia hivyo, na imamu ameniambia ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imeandikwa. Naamini. Lakini siku iliyoandikwa ni moja, na rimoti iliyobonyezwa ni nyingine, na hiyo ya pili ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa niwaambie kwa nini naandika leo.

Wiki nne hizi Somoe hajanilaumu kwa lolote. Anajilaumu yeye. Anakula vijiko viwili, anafunga mdomo. Watu wakija kumpa pole anawaambia, "Niliona mimi, nikanyamaza. Mama gani anaona akanyamaza?" Wanamwambia hukuona kitu, Bi Somoe, ilikuwa TV, mzee alishatengeneza. Na mimi nimekaa pale pale, kofia kichwani, nachezesha tasbihi. Nimemwacha abebe. Mtu asiyeweza kubeba kikombe, nimemwacha abebe hilo wiki nne.

Asubuhi ya leo nilikuwa namlisha uji. Akasema kama anayejisemea, "Ningeongeza Jumapili moja tu."

Kijiko kikanishinda. Nikakiweka bakulini.

Nikamwambia. Sikupamba. Nikasema, Mama Rukia, hukukosea. Kile kioo kipya kilikuwa kweli, kisutu kilikubali, wewe mwenyewe ulikiona. Alipotokea alikuwa manjano, nami nilimwona. Nikambadilisha kwa rimoti. Nikakificha kisutu ili usije ukalinganisha. Wewe ulinyamaza kwa sababu mimi nilikudanganya.

Nilitegemea apige kelele. Wanawake wa kwao, Kisiwani, wana sauti.

Hakupiga. Uji unapoa, mvua ndiyo inaanza kwenye bati. Akasema, "Ulimpaka."

Nikasema ndiyo.

"Ulimpaka rangi mtu anayekufa."

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima," akasema, na hapo ndipo akalia. Tangu msiba hakuwa amelia kwa sauti, leo amelia, jicho moja linatoa maji kuliko jingine. Nikanyoosha mkono nimfute, akausukuma kwa mkono wake mzima. Ana nguvu bado kwenye ule mkono.

Akaniambia, "Nigeuze."

Nikamwuliza nikugeuze wapi, maana upande ule bega halikubali.

"Nigeuze ukutani, nisikuone."

Hakuna mwingine nyumbani. Ni mimi tu wa kumgeuza asinione. Nikapitisha mkono chini ya mabega kama muuguzi alivyonifundisha, nikakunja goti lake, nikamgeuza taratibu. Aliguna, bega lilimuuma, nilisikia. Nikamwekea mto mgongoni asirudi. Nikamwuliza kama nimrudishe. Akasema bado.

Bado ameelekea ukutani. Nimechungulia mara tatu. Bakuli la uji, hata hivyo, safari hii ameniambia nisiliondoe, nipashe moto nimwachie mkono wake ulipo. Nimepasha. Sijui kama amekula. Kutoka mlangoni naona mgongo tu.

Sijui atasema lini nimrudishe. Nitakaa hapa mpaka aseme. Kazi za watu zimejaa mezani, watasubiri, au wampelekee Chande. Naye, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba alikuwa sahihi, nyeupe ilikunywa sharubati. Hilo nalo si dogo kwangu.

Atakayesema Mzee Chogo anatunga, aende sokoni kwa Chande, atamweleza alivyoiona nyeupe yangu na nilivyomfukuza. Mkwe wangu yuko Tabora, maneno ya Rukia ameyasikia yeye. Mwalimu Zuhura anaujua mwandiko wangu, na leo nadhani amekwishajua zaidi ya mwandiko. Lakini shahidi wa kweli ni Somoe, mke wangu. Aliona kabla ya daktari, amelala, kwa ubavu, na macho yasiyosoma herufi. Mkija bisheni hodi kwake, si kwangu. Mwulizeni aliona nini, na mkimwuliza, jamani, msimbishie.